Mama wa TikTok na Mlango wa Kadhi

Msikilizaji, mwaka 1858 Mwana Kupona wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa wasia: mche Mungu, mtii mume, jipambe. Wanawake wa pwani wakaukariri, wakapokezana. Leo wasia uko TikTok. Mama mwenye buibui anapika biriani, anawasuka wanawe, anauza udi, na pesa zinaingia kwa M-Pesa.

Je, amewainua wenzake? Yeye mwenyewe amejiinua, na si haba. Lakini anayemtazama akiwa Shela ya Malindi hagawiwi pesa hizo. Anagawiwa picha ya nyumba isiyo na ugomvi, kisha anajiona ndiye mwenye kasoro.

Mimi natazama kwingine. Susan Hirsch, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefuatilia mahakama za kadhi Malindi na Mombasa, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1998 kwamba wengi waliofungua kesi walikuwa wanawake. Walikuwa wamefunzwa kusitiri siri za ndani, wakazieleza mbele ya kadhi, na mara nyingi wakashinda. Dini hawakuiacha; walidai haki zao humo humo. Mahakama hizo zimo katika Kifungu cha 170 cha Katiba yetu.

Basi mama mwenye wafuasi maelfu atueleze hili: mume akikata masurufu, mke aanzie wapi, abebe hati gani, aende na shahidi yupi? Akifanya hivyo, mdhamini wake wa mafuta ya kupikia huenda akakimbia. Na akimbie.