Kompyuta ya Michezo Inapochemka

Kijana mmoja alitaka kuuza kompyuta yake ya mpakato kwa bei ya kutupa, kwa kuwa ilichemka na kuzimika katikati ya mchezo. Nikamwambia, "Ngoja kwanza."

Kadi ya michoro ikizidi joto hupunguza mwendo ili isiungue. Mara nyingi ugonjwa ni vumbi. Basi zimeni mashine, chomoeni waya wa umeme, fungueni kifuniko cha chini, tenganisheni betri. Zuieni feni kwa kidole isizunguke, ndipo mpulize vumbi kwa hewa ya kopo. Ikichemka bado, fundi abadilishe pesti iliyokauka juu ya chipu. Tena, msiiweke juu ya godoro. Huziba matundu ya hewa.

Yule kijana hakuuza.