Anayekuandama Anajua Unakoshukia

Msikilizaji, ukisema kuna mtu anakuandama, utaambiwa anakupenda tu. Lakini mwaka 1989, shabiki aliyekuwa akimwandama mwigizaji Rebecca Schaeffer alimlipa mpelelezi wa kibinafsi, naye akaipata anwani ya mwigizaji huyo mjini Los Angeles kwenye kumbukumbu za leseni za udereva. Shabiki akabisha hodi, wakazungumza kidogo, akaondoka. Aliporudi alimpiga risasi. Schaeffer alikuwa na miaka 21. Mwaka uliofuata California ikatunga sheria ya kwanza Marekani ya kufanya kumwandama mtu kuwa jinai.

Hata hivyo, wengi hawaandamwi na mtu wasiyemjua. Ni mpenzi wa zamani, anayejua zamu zako na steji unakoshukia. Hapo ndipo polisi hukwama: kupiga simu si kosa, kusimama ng'ambo ya barabara si kosa. Kosa liko katika kurudiarudia, na kurudiarudia hakuonekani katika taarifa ya siku moja.

Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inahesabu kuandama kuwa ukatili, na mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi. Vyema. Ila sheria hiyo ni ya walio na uhusiano. Mteja aliyekuona mara moja dukani akakuganda haimgusi. Pengo hilo wabunge wanapaswa kuliziba, tena mapema. Kwa sasa, usifute jumbe za anayekuandama, andika tarehe na saa, na usitoke kituo cha polisi bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio.