MAZIWA YA MPIRA NA UTANDO WAKE
Maneno waliyoambiwa wazee na walimu wa Nachingwea na Ruangwa



Nchi hii ya kusini yaujua mpira tangu zamani. Kabla ya vita ya 1914 mpira wa porini ulishuka pwani hata Kilwa na Lindi. Na Wajapani walipoitwaa Malaya mwaka wa 1942, mpira wa Tanganyika ulitafutwa tena kwa bidii.

Wengi hudhani kuwa maziwa ya mpira hukauka kama tope. Sivyo. Tope kavu likitiwa maji hurudi kuwa tope. Lakini mpira uliokauka, hata ukilazwa mtoni usiku kucha, haurudi kuwa maziwa. Sababu yake ni hii.

Ndani ya maziwa yale mna matone ya mpira, madogo hata jicho haliwezi kuyaona. Kila tone limevikwa koti jembamba, nalo humsukuma jirani yake yasigusane. Maji yakipaa kwa jua, matone husongamana, hubonyea, yakawa kama vyumba vya sega la nyuki. Kisha nyuzi ndefu za mpira zilizomo ndani ya kila tone hupenya mpakani na kusukana na za jirani, kama ukili wa mkeka. Hapo mpaka hufutika, ukabaki utando mmoja. Maji ya ndimu hulivunja lile sukumano, ndiyo maana maziwa hugandamana upesi.

Basi, mchanga ukiingia kati, nyuzi hazikutani, na utando hupasuka. Ndiyo sababu mpira mchafu haukupata bei njema.

Elimu hii yatufaa hata leo. Rangi za maji tunazopaka shuleni zina matone ya namna hiyo, yaliyotengenezwa kiwandani. Fundi akizidisha maji ili kopo moja litoshe vyumba viwili, matone huwa machache, hayaufungi unga wa rangi, na ukuta hupukutika kama jivu juu ya nguo za watoto. Hapo fedha ya wazazi imepotea.

Kwa hiyo yatupasa kufagia ukuta kwanza, kutia maji kwa kipimo kilichoandikwa koponi, kungoja mkono wa kwanza ukauke kabla ya wa pili, na kuosha brashi ingali mbichi. Ikisha kushika, maji hayaifai tena.