Dakika Tatu za Kusikika: Kikundi Kidogo Kinavyoweza Kujieleza Mbele ya Umma

Hotuba iliyosomwa kwa viongozi wa vikundi vya kijamii na wafanyabiashara wadogo kabla ya vikao vya kukusanya maoni ya umma kuhusu bajeti.



Wengi waliowahi kuhudhuria vikao vya bajeti wameliona jambo hili. Ukumbi umejaa. Mwenyekiti wa kikundi cha mama karanga, kina mama wanaonunua samaki kwa wavuvi na kuwakaanga, anapewa kipaza sauti. Anamsalimu mheshimiwa, kisha chifu, kisha mchungaji na imamu. Anaishukuru serikali kwa barabara. Anaeleza kikundi kilianza lini na kimepitia nini. Anapokaribia kusema habari ya barafu, anaambiwa muda umekwisha. Karani, ambaye kazi yake ni kuandika alichosikia, anaandika hivi: "Kikundi cha mama karanga kimeishukuru serikali kwa barabara."

Karani hakukosea. Mama naye hakukosa ujasiri wala haki. Alikosa mpangilio. Kikao kimekwisha, watu wamekunywa soda na kwenda zao, na samaki wa kikundi hicho wataendelea kuharibika mwaka mwingine mzima.

Kikao hiki si hisani

Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Kifungu cha 201 kinasema masuala ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi na kwa kuwashirikisha wananchi. Kwa hivyo anayesimama kusema katika kikao cha bajeti haombi msaada. Anatekeleza wajibu wake wa uraia, na aliyeketi mezani anatekeleza wake wa kusikiliza.

Lakini haki hiyo ina kalenda. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mikakati ya fedha huwasilishwa kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kikundi kinachokuja na ombi lake mwezi wa Juni hukuta chungu kimeshaepuliwa. Kikundi kinachoanza kusema Septemba, kikarudia Februari, kikarudia tena Aprili, hufika wakati mambo bado yanapangwa.

Haki hiyo ina mlango wake pia. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Uvuvi, masoko, leseni za biashara, vyama vya ushirika, zahanati na shule za chekechea ni kazi za kaunti. Polisi na shule za upili ni za serikali ya kitaifa. Msemaji anayetumia dakika zake kudai kituo cha polisi katika kikao cha bajeti ya kaunti amebisha nyumba isiyo yake.

Ombi moja, takwimu moja

Mara nyingi msemaji hupewa dakika mbili au tatu. Hizo hazitoshi maombi matano. Zinatosha ombi moja likisemwa mwanzo, likaelezwa katikati, na likarudiwa mwisho.

Ombi linahitaji takwimu, na takwimu haihitaji mtaalamu. Inahitaji daftari. Tuseme mama karanga wameandika kila siku, kwa wiki 4 za msimu wa kaskazi, bahari inapotulia na samaki kuwa wengi, kilo zilizotupwa kwa kukosa barafu. Tuseme jumla ni kilo 160, na kilo moja hununuliwa kwa shilingi 250. Hapo hasara ni shilingi 40,000 kwa wiki 4. Sasa mwenyekiti anaweza kusimama na kusema:

"Hamjambo. Kikundi chetu kina wanachama 38, tunauza samaki katika diko la kijiji chetu. Tunaomba mtambo mmoja wa barafu uwekwe kwenye makadirio ya mwaka ujao, chini ya idara ya uvuvi. Kwa wiki 4 tulitupa kilo 160 za samaki, hasara ya shilingi 40,000, na daftari hili hapa. Barafu itawafaa pia wavuvi, maana siku ya samaki wengi hulazimika kuuza kwa bei ya kutupa kabla jua halijapanda. Tuko tayari kutoa mtu wa kuusimamia mtambo. Tunaomba mtambo mmoja wa barafu. Ahsante."

Maneno hayo hayafikishi dakika moja na nusu. Karani hana namna ya kuandika kwamba kikundi kimeshukuru barabara. Muda uliobaki ni wa kujibu maswali, na maswali ndiyo dalili kwamba watu wamesikia.

Takwimu hizo ni za mfano. Kila kikundi kina zake, na ziwe za kweli. Kikundi kinachosema kina wanachama 200 wakati daftari linaonyesha 38 hujifungia mlango kwa mkono wake, kwa sababu afisa akija kukagua na kukuta uongo mmoja, hataamini hata yale ya kweli.

Nani asimame

Desturi yetu ni kumpa mwenyekiti, au mzee kuliko wote, nafasi ya kusema. Heshima hiyo ni nzuri, lakini anayelijua daftari huenda ni mweka hazina au binti aliyekuwa akipima samaki kila asubuhi. Njia ya kulinda vyote viwili ipo. Mzee asimame kwanza, atoe salamu kwa sentensi moja, kisha aseme, "Binti yetu ataeleza." Hapo heshima imebaki mahali pake na ujumbe umefika.

Woga nao hauondolewi kwa kuambiwa usiogope. Huondolewa kwa mazoezi. Kikundi kikutane siku tatu kabla ya kikao, chini ya mwembe au popote pa kawaida, msemaji asimame, mwingine ashike simu yenye saa. Arudie mara tano. Akimaliza, wenzake waulizwe swali moja tu: "Ameomba nini?" Wakitoa majibu mawili tofauti, hotuba bado haijaiva.

Suala la lugha lisimzuie mtu. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, pamoja na Kiingereza. Hakuna sababu ya msemaji kuhangaika na Kiingereza cha kubabaisha ili aonekane msomi. Hata kwa Kiswahili, maneno mazito kama "uwezeshaji" na "uendelevu" hayamwonyeshi mtu chochote. Neno "barafu" linaonekana.

Karatasi hubaki msemaji akiondoka

Sauti ya mtu huishia ukumbini. Karatasi huingia kwenye faili. Kila msemaji aje na waraka wa ukurasa mmoja wenye jina la kikundi, ombi, takwimu, watakaonufaika, na nambari ya simu ya mtu mmoja wa kujibu maswali. Nakala moja apewe karani, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na irudi kwa kikundi.

Nguvu ya karatasi inaonekana katika historia ya nchi hii. Mwaka 1989, palipokuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, Profesa Wangari Maathai aliandika barua kwa ofisi mbalimbali, za serikali na za nje, akipinga. Alikejeliwa hadharani, lakini hakuubadilisha ujumbe wake, kwamba bustani ni ya wananchi. Jumba hilo halikujengwa.

Baada ya kikao, kikundi kina haki ya kufuatilia. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma kujibu ombi la habari haraka iwezekanavyo, kwa kawaida ndani ya siku 21. Swali liwe fupi: je, mtambo wa barafu umo katika makadirio au haumo, na kama haumo, ni kwa nini? Jibu la "haumo" si mwisho wa safari. Linaonyesha ni wapi pa kuanzia Septemba.

Mfano wa Gazi

Wapo wanaosema njia hii inawafaa wenye bidhaa za kuonekana tu. Jibu liko Gazi, Kaunti ya Kwale. Wananchi wa huko, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja uliozinduliwa mwaka 2013, wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza kaboni ambayo miti hiyo huihifadhi. Kaboni haipimwi kwa debe wala haifungwi kwenye gunia. Hata hivyo mradi umepata wanunuzi, na mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Equator inayotolewa chini ya Umoja wa Mataifa.

Funzo lake ni kwamba mradi wa namna hiyo una wasikilizaji wawili. Mnunuzi aliye mbali anataka hekta, vipimo na ripoti. Mwanakijiji aliyeacha kukata mkoko anataka kuona faida yake, na mapato ya mradi yamesaidia miradi ya maji na shule za hapo kijijini. Mnunuzi akipewa ngonjera badala ya vipimo, ataondoka. Mwanakijiji akipewa ripoti asiyoweza kuisoma badala ya maji, atarudi kukata miti. Ukweli ni mmoja, lakini kila msikilizaji aelezwe kwa kile kinachomgusa.

Kwa wafanyabiashara wadogo

Fundi wa fanicha, muuza mitumba na mwenye duka la vipuri nao hujieleza kila siku. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 imetenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Anayeomba zabuni ya madawati aeleze mambo yale yale: anatengeneza nini, mangapi kwa mwezi, kwa bei gani, na nani aliwahi kununua akaridhika. Picha tatu za kazi aliyoifanya mwenyewe zina uzito kuliko picha ishirini zilizookotwa mtandaoni.

Kwenye WhatsApp, ujumbe mmoja wenye bei, mahali na saa za kufungua unatosha. Mteja akiuliza bei asijibiwe "njoo inbox". Na nambari za wateja zisitumike ovyo, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mtu kabla ya kutumia taarifa zake kwa biashara. Inatosha kumuuliza, "Nikipata mzigo mpya nikutumie ujumbe?" Kazi ikichelewa, fundi ampigie mteja kabla mteja hajapiga. Habari mbaya iliyotolewa mapema huhesabiwa kuwa uaminifu. Ikichelewa, huhesabiwa kuwa udanganyifu.

Wasikilizaji wa kwanza

Mwisho, kikundi kisisahau walio nyumbani. Vikundi vingi vimevunjika si kwa kukosa pesa bali kwa kukosa maelezo. Viongozi walisema vizuri mbele ya wafadhili, lakini wanachama wakapata habari za pesa kwa uvumi. Mapato na matumizi yasomwe kwa sauti kila mwezi, kwa lugha ambayo kila mmoja anaielewa, na daftari liachwe wazi mezani. Kiongozi anayeweza kuwaeleza wanachama wake 38 shilingi zao zilikokwenda hatatetemeka mbele ya mheshimiwa.

Vikao vya wadi vinakaribia. Kila kikundi kirudi nyumbani na kazi tatu: kufungua daftari, kuchagua ombi moja, na kufanya mazoezi kwa saa ya simu. Karani atakuwepo na kalamu yake, na ataandika atakachosikia.