Mfu Anayecheza Ngoma

Mfu anaingia uwanjani akicheza. Ngoma zimekolea, vumbi linatimka, watoto wamejibanza nyuma ya mama zao. Kichwa chake ni cha mti, macho hayapepesi, na nywele ni za binadamu halisi, zilizonyolewa kwa mtu zikabandikwa. Mwili wote umefunikwa nguo. Mchezaji aliye ndani anaona kupitia tundu la mdomo, kwa hiyo kila anapomtazama mtu, uso wa mti huelekea juu, kana kwamba lile jitu linanusa upepo.

Huyo ni lipiko, kinyago cha Wamakonde wa Msumbiji. Wengi wao walivuka Ruvuma kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Lindi na kwingineko, wakaja na ngoma yao. Zamani wanawake, pamoja na wavulana wasioingia jando, waliambiwa kwamba lipiko ni marehemu aliyefukuliwa kaburini. Siri ilifunguliwa jandoni. Mvulana aliletewa lile jitu, akatetemeka, kisha kinyago kikavuliwa mbele yake: kumbe ndani yumo mtu anayemfahamu, jasho likimtiririka. Kuanzia hapo alikuwa upande wa wanaocheka. Watafiti wameandika pia kwamba wanawake wengi walikuwa wakijua siri hiyo siku zote, na bado walipiga yowe na kukimbia, kwa sababu ngoma bila mbio zao isingenoga.

Upande huu wa Ruvuma, hapa Tanzania, Wamakonde wa uwanda wa Newala wana kinyago kingine cha ajabu, kinachovaliwa kifuani. Ni ubao uliochongwa matiti na tumbo la mja mzito, na juu yake chale zimetokezwa kwa nta ya nyuki. Anayekivaa ni mwanamume. Huyumba, hushika kiuno, huhema. Watazamaji wanajua ni dume, wanajua pia kwamba uso wa mti anaouvaa pamoja na ubao huo ni wa mizimu, na yote mawili yanawapata kwa mpigo.

Wapenzi wa filamu wanaodhani zombi wa kuchekesha alibuniwa Marekani au Uingereza wangeanzia hapa. Pwani ya Lindi na bara lake imemjua mfu anayetisha na kuchekesha kwa pumzi moja tangu kabla ya sinema. Tena, sinema yenyewe ilipofika, ilimkuta.

Ilifika mapema mno. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alishuka Lindi akiwa na kamera ya filamu na mashine ya kunasa sauti kwenye nta. Alikuwa amekusudia kwenda Irangi, lakini safari hiyo ikavurugika, naye akaelekezwa kusini, ambako vita vya Maji Maji vilikuwa vimewaka Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi nyuma ya Kilwa. Alipita Masasi na Newala akizipiga picha ngoma, akakusanya vinyago, akawaona pia wachezaji waliopanda juu ya miti mirefu. Filamu zake fupi, zisizo na sauti, ni miongoni mwa za kwanza kabisa kupigwa Afrika Mashariki. Waliocheza mbele ya kamera ile walikuwa watu wa ukanda uliotoka kushuhudia vijiji vikichomwa na mashamba yakiteketezwa. Ni vigumu kuzifikiria ngoma zile bila kukumbuka hilo.

Sasa tuvuke hadi kinyago cha Hollywood: chale, yule mchekeshaji wa sarakasi mwenye uso wa chokaa na pua nyekundu. Katika filamu ya It ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Andy Muschietti, mtoto Georgie anakimbiza mashua yake ya karatasi kwenye mvua hadi inatumbukia mtaroni. Ndani ya mtaro anachungulia chale huyo, Pennywise. Anatabasamu, anatania, anamchekesha mtoto. Kwa sekunde chache Georgie anacheka kwelikweli, na kicheko hicho kinamtia mtazamaji baridi kuliko damu inayofuata. Mwigizaji Bill Skarsgård ana uwezo wa kulipeleka jicho moja upande wake na la pili upande mwingine, bila msaada wa kompyuta, na alitumia kipaji hicho humo. Riwaya ya Stephen King iliyozaa filamu hii ilitoka 1986. Ilipoigizwa kwa televisheni mwaka 1990, chale alikuwa Tim Curry. Kati ya toleo hilo la televisheni na filamu ya 2017 ni miaka 27, muda uleule ambao jinamizi la hadithi hulala kabla ya kuamka tena kula watoto.

Pennywise anatisha kwa sababu ileile ya lipiko: uso uliogandishwa kwenye hali moja hauwezi kusomwa. Tofauti ni kwamba Hollywood haikivui kinyago chake. Chini ya rangi ya Pennywise hakuna mjomba wala jirani, kuna mdomo wenye meno mengi zaidi.

Kwa zombi, habari inaingia Kilwa yenyewe. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alitiliana saini na Sultani wa Kilwa mkataba wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya kisiwa kinachoitwa leo Morisi. Katika miongo hiyohiyo meli za Kifaransa zilibeba pia watu wa Afrika Mashariki, wengi wao kutoka Msumbiji, kuzunguka Rasi hadi Saint-Domingue, koloni la miwa ambalo baadaye likawa Haiti. Na ni Haiti, nchi iliyojengwa na watumwa kutoka pande nyingi za Afrika, iliyoipa dunia zombi: mtu anayeaminika amekufa, kumbe amechukuliwa na kufanyishwa kazi, asiyelipwa, asiyechoka, asiyeweza kusema hapana. Filamu ya White Zombie ya mwaka 1932, yenye Bela Lugosi, inaonyesha wafu wakisukuma kinu cha miwa. Mmoja anatumbukia kinuni na wenzake wanaendelea kuzunguka.

Msikilizaji wa Kilwa au Nachingwea hahitaji kufafanuliwa zaidi. Anamjua msukule, ambaye wengine humwita ndondocha. Husimuliwa kwamba ulizikwa mgomba badala yake, kwamba amekatwa ulimi, kwamba analishwa pumba na kulima shamba la mchawi usiku hadi alfajiri. Hakuna ushahidi kwamba imani ya huku na ile ya Haiti ni mama mmoja. Lakini kwenye pwani ambayo Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kusafirisha watumwa hadi karne ya 19, hadithi ya mtu aliyetoweka akawa mali ya mwingine haikutoka hewani. Ndiyo maana msukule hachekeshi kirahisi. Kilio chake ni cha jasho lililoibwa.

George Romero alimwondolea zombi bwana wake mwaka 1968, kwa Night of the Living Dead, akamfanya mla watu. Zombi asiye na bwana alipoteza uchungu wake wa zamani, akawa mwepesi kutaniwa. Katika Shaun of the Dead ya Edgar Wright, ya mwaka 2004, kijana wa London anatoka asubuhi na uchovu wa pombe kwenda dukani. Anateleza kwenye damu, anapishana na wafu wanaojikokota, ananunua kinywaji na kurudi nyumbani bila kugundua lolote, kwa kuwa jirani zake walikuwa wakijikokota hivyohivyo hata jana yake. Ni kichekesho safi, na kina akili.

Na Bongo? Miaka ya mwanzoni ya 2000, wakati filamu za video zinaanza kushika kasi Dar es Salaam, Mussa Banzi aliongoza Nsyuka, kisha Shumileta, hadithi ya jini wa kike anayempenda binadamu. Filamu za aina hii zilienea hadi vibanda umiza, ambako televisheni moja, mabenchi na ukuta wa mabati vinatosha kuwa sinema. Humo ndimo watafsiri wa filamu kama Lufufu walimopatia umaarufu. Mtafsiri anazungumza juu ya filamu ya kigeni, anawapa wahusika maneno ya mtaani, anamkejeli anayekimbilia kusikokimbilika. Filamu ya kutisha ikipita kinywani mwake hutoka na vicheko. Ni kazi ya kisanii yenye haki ya kuheshimiwa. Mtafsiri ndiye anayekivua kinyago.

Kasoro ya filamu za kutisha za nyumbani iko kwingine, wala si meno ya plastiki na poda usoni. Mara nyingi mno mchawi ni bibi kizee mwenye macho mekundu. Tanzania imezika vikongwe waliouawa kwa macho mekundu, ambayo yalikuwa ya moshi wa kuni wa miaka mingi jikoni. Mwandishi wa filamu ya msukule hana budi kujiuliza ni nani anayefaidika na shamba linalolimwa usiku, na jibu la historia ya Kilwa si bibi kizee.

Mfano wa kuigwa upo. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani hii ya kusini mwaka 1943, ndiye aliyeandika Kinjeketile kuhusu Maji Maji, na mwaka 1971 akachapisha tamthilia ya Mashetani. Inaanza kwa mchezo. Vijana wawili marafiki, wasomi, wako chini ya mbuyu. Juma anajifanya Shetani, Kitaru anakuwa Binadamu. Wanataniana, wanacheka, na utani unaendelea kupita mahali ambapo ungepaswa kukoma, mpaka Kitaru anaugua na watu wa nyumbani kwake hawajui wamtibu nini. Chini ya mzaha huo kuna swali la nani alipoteza mali na nani aliipata baada ya utawala kubadilika. Mtayarishaji atakayetaka kuipeleka kwenye filamu ataikuta mibuyu Kilwa Kisiwani, kando ya magofu, bila kuhangaika kuitafuta. Nafasi ya Juma ampe mchekeshaji.