Hesabu ya Ndege Hupigwa Ardhini

Juma hili nataka tuzungumze juu ya ndege za jeti, zile ndogo za wakubwa na matajiri. Lakini mtaniwia radhi, kwani nitaanzia kwenye mtumbwi.

Kwetu Suguti, ufukweni mwa Ziwa Victoria, mwenye mtumbwi anayejua kazi yake hahesabu vichwa tu. Hutazama ubao uliosalia juu ya maji, hutazama mawingu, kisha hukumbuka upepo utakaomkuta mbele ya safari. Akiona ubao umepungua, husema gunia lile lishuke. Mwenye gunia hununa, abiria hunung'unika kwamba wanacheleweshwa, lakini mzee hageuzi kauli.

Wengi wetu tunapoiona jeti tunadhani mwenye fedha akishasema "twende", basi ni kwenda. Sivyo hata kidogo.

Tuseme mfanyabiashara amekodi jeti imchukue Musoma saa saba mchana, impeleke Dubai bila kutua njiani. Rubani huanza na hewa. Ziwa letu liko mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Joto likifika nyuzi 30, inazidi kuwa nyepesi. Kwa hesabu ya marubani, mchana kama huo ndege huruka kana kwamba iko kwenye mwinuko wa mita zaidi ya 1,900. Mabawa hupata hewa hafifu ya kuegemea, na injini hupata hewa hafifu ya kuvuta.

Baada ya hewa ni uzito. Chukueni Gulfstream G550, aina ambayo Serikali yetu iliinunua kwa safari za Rais katika miaka ya 2000, ikazua maneno mengi. Ikijaa huwa na tani 41 hivi, na katika hizo zaidi ya 18 ni mafuta. Kwa uzito huo, usawa wa bahari, na joto la nyuzi 15 tu, inahitaji njia ya kurukia ya mita kama 1,800. Ipandishe Mara saa saba mchana, na mita hizo zinaongezeka.

Kisha rubani hujiuliza swali ambalo abiria hapendi kulisikia: injini moja ikizimika tukiwa mbioni, itakuwaje? Kwa hiyo kabla ya kuwasha injini huandika mwendo wa uamuzi. Hitilafu ikitokea kabla ya mwendo huo, anafunga breki, na njia iliyobaki lazima imtoshe kusimama. Ikitokea baada yake, anaendelea, na injini iliyobaki lazima imvushe juu ya miti na vilima. Ikiwa njia haitoshi kwa yote mawili, ndege ni nzito mno na kitu kishuke.

Na safari haiishii hewani. Katika nchi nyingi, kanuni ya jeti za kukodi inataka ndege iweze kusimama ndani ya asilimia 60 ya njia ya kutulia. Ikihitaji mita 900, basi uwanja uwe na 1,500. Na lami ikiwa imelowa, 1,725. Zaidi ya hapo kuna mafuta ya kufikia uwanja wa akiba, na mengine ya nusu saa ya kuzunguka. Mafuta hayo ni uhai, lakini nayo ni mzigo.

Basi rubani wetu atamwambia tajiri: tuondoke alfajiri kukiwa na ubaridi, au turuke na mafuta machache mpaka Kilimanjaro, kwenye njia ya mita 3,600, tujaze huko. Tajiri atakasirika. Amelipa, tena ana mkutano. Hapo ndipo penye mtihani wenyewe, maana hesabu imekwisha kupigwa, na kilichobaki ni ujasiri wa kuiheshimu.

Tarehe 29 Machi 2001, jeti ya kukodi aina ya Gulfstream III ilitoka Los Angeles kwenda Aspen, mji ulio milimani huko Marekani. Walikuwa wamechelewa, giza linaingia, theluji inaanguka. Aliyeikodi hakutaka kusikia habari ya kutua mahali pengine. Rubani akashuka chini ya kiwango kilichoruhusiwa bila kuiona njia. Watu wote 18 walikufa. Wachunguzi walilitaja shinikizo la mteja miongoni mwa mambo yaliyochangia.

Na hapa kwetu, tarehe 18 Desemba 2013, Boeing 767 ya Ethiopia iliyokuwa ikienda Kilimanjaro ilitua Arusha, kwenye njia ya mita 1,600 hivi, ikaishia kwenye nyasi. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Lakini ili iondoke pale, ilibidi iruke bila abiria na kwa mafuta machache. Kutua iliweza, ila kuruka na mzigo wake ule ule ilishindikana.

Ndugu zangu, sisi wa ziwani tunalijua somo hili kwa machozi. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na Ukara. Kilitengenezwa kuchukua watu 101; waliokufa walizidi 220. Hesabu ilikuwapo, imeandikwa. Hakupatikana mtu wa kusema "wengine washuke" na akasikilizwa.

Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Rubani anayeogopa manung'uniko ya tajiri, nahodha anayeogopa kelele za bandarini, na dereva anayeogopa matusi ya abiria wa mlangoni, wote ni wamoja. Nasi abiria tunaowazomea tuna sehemu yetu.

Kwa hiyo siku ukiambiwa begi lako litafuata kesho kwa kuwa ndege imezidi uzito, nuna kidogo, ni haki yako. Kisha mshukuru aliyekuambia.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.