Kitovu Mnero, Uraia Wapi?

Msikilizaji wangu wa Mnero, Nachingwea na Ruangwa, leo tuzungumzie uraia.

Mfikirie mzee aliyezaliwa hapa Mnero mwaka 1950, miaka ya mradi wa karanga wa Waingereza. Baba na mama walikuwa wazaliwa wa Msumbiji, walivuka mto Ruvuma kutafuta kazi. Tanganyika ilipopata uhuru, 9 Desemba 1961, kuzaliwa hapa peke yake hakukumtosha. Ili awe raia moja kwa moja, ilitakiwa angalau mzazi wake mmoja naye awe mzaliwa wa Tanganyika. Wengine walipaswa kuomba uraia. Ndiyo sababu mzee wa namna hii leo anaweza kuulizwa babake alizaliwa wapi, na swali hilo linamuumiza aliyezeeka akilima korosho papa hapa.

Aliyezaliwa nchini tangu siku ya Muungano, 26 Aprili 1964, Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtaja kuwa raia wa kuzaliwa, isipokuwa wachache, kwa mfano mtoto wa mwanadiplomasia wa kigeni ambaye mzazi wake hata mmoja si raia. Hata hivyo, kiutendaji Idara ya Uhamiaji hudai angalau mzazi mmoja awe raia.

 

Cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili wa vizazi, huthibitisha kuzaliwa, si uraia. Kichukue hata hivyo mtoto akiwa mchanga, na vyeti vya wazazi vitunze pamoja nacho.